Antwerp: Ukitua Ijumaa umekwisha!

Wiki hii safu yenu imetinga Antwerp, Ubelgiji, kwenye soko la almasi. Nilimsindikiza bosi mmoja wa mawe, yeye akitafuta bei, mimi nikitafuta stori.

Kwanza stesheni ya treni. Ilifunguliwa mwaka 1905, ina kuba utadhani kanisa kuu. Ukitoka tu, pembeni ndiyo mitaa ya almasi. Pale Hoveniersstraat kamera zinakutolea macho kila kona, kwa hiyo mwendo uwe wa adabu.

Msosi? Chipsi, tena zinakaangwa mara mbili, juu wanamwagia mayonizi. Jioni tukahamia Grote Markt, kwenye sanamu ya Brabo anayerusha mkono wa jitu. Baa zimejaa, bia ya De Koninck inakuja kwenye glasi ya duara. Raha tupu, lakini kila raundi ni yuro zinaondoka, jamani!

Hapo ndipo penye mtego. Wafanyabiashara wengi wa Kiyahudi hufunga Ijumaa kabla ya jua kuzama, na Jumapili soko limelala. Biashara imefungwa, mfuko umefunguka.

Na msiwaonee haya wazungu hawa. Almasi ya waridi ya karati 54.5 iliyookotwa Mwadui mwaka 1947, akazawadiwa Elizabeth wa Uingereza, ilitoka Shinyanga yetu. Mwenye jiwe ni wewe, kaka. Fika Jumatatu, uza kwanza, bia baadaye!