Barua ya wazi kwa TBC: Kanda za Ufipa zisikilizwe Ufipa

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC).

Nakala: Mkurugenzi, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Mkuu wa Mkoa wa Rukwa.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Ombi langu ni moja, nalitanguliza ili usihangaike kulitafuta: tupatieni orodha ya kanda zote za sauti na picha zilizorekodiwa Rukwa tangu enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), kisha nakala zake ziletwe huku zisikilizwe, wazee wangali hai.

RTD, ambayo ninyi mliirithi kupitia Taasisi ya Utangazaji Tanzania (TUT), haikukaa Barabara ya Pugu ikisubiri wasanii wapande basi. Ilituma watu wake mikoani na vinasa sauti, wakarekodi ngoma. Na kwa kuwa redio ya taifa ilizungumza Kiswahili, lugha za makabila ziliingia hewani kwa mlango wa ngoma tu. Mfipa hakusomewa taarifa ya habari kwa Kifipa, ila aliweza kusikia Kifipa kikiimbwa. Wimbo uliopigwa kujaza dakika chache kabla ya matangazo ya vifo huenda leo ndiyo sauti pekee ya Kifipa cha kizazi kile iliyobaki mikononi mwa serikali.

Mafundi wenu wanalijua hili kuliko mimi: kanda haingoji. Gundi inayoshikilia chembe za sumaku hunyonya unyevu, kanda ikaanza kunata na kuacha masizi kwenye kichwa cha mashine. Zile za zamani zaidi, za asetati, hunuka siki, na zikianza kunuka hazirudi nyuma. Joto na unyevunyevu wa pwani huharakisha yote hayo. (Kwa baridi yetu ya Juni na Julai, huku juu ya mita 1,700, ningethubutu kusema ghala la kanda lingejengwa Sumbawanga lingekula umeme kidogo kuliko la Dar es Salaam. Lakini hilo tuliache.) Mwaka 2019 UNESCO na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, walitoa tahadhari kuhusu kanda za sumaku: mashine za kuzichezea hazitengenezwi tena, vipuri vinakwisha, mafundi wanastaafu. Mwaka uliotajwa na wataalamu kuwa mpaka ulikuwa 2025.

Sitaki barua hii iishie kwenye mashine, maana kuna kinachokwisha haraka kuliko mashine. Ni watu wanaojua kilichomo ndani ya kanda. Tuseme boksi limeandikwa "Ngoma, Sumbawanga" na tarehe. Fundi wa Dar es Salaam atahamishia sauti kwenye kompyuta, atasafisha mikwaruzo, ataipa faili jina lilelile: Ngoma, Sumbawanga. Ni ngoma gani? Ya harusi, ya mavuno au ya matanga? Anayeongoza ni nani, na anamsema nani? Maana huku wimbo mara nyingi humsema mtu. Lafudhi ni ya Nkansi au ya Lyangalile? Bibi wa miaka themanini pale Namanyere anaweza kuyajibu yote kabla ubeti wa pili haujaisha, pengine na kucheka juu yake. Akiondoka, sauti itabaki safi kabisa na hakuna atakayejua ni ya nini.

Mfano wa sauti kutengana na wenyewe upo hapa hapa nchini. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala akiwa na fonografu na kamera ya sinema, akanasa nyimbo za Wayao, Wamakua na Wamakonde kwenye mitungi ya nta. Nta ni kitu laini mno, lakini mitungi ile ingalipo Berlin, katika hazina ya sauti ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 1999 kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Karibu miaka thelathini baadaye, kati ya 1935 na 1937, Waingereza walitengeneza filamu zaidi ya thelathini wakiwa na makao Vugiri, Tanga, kwa ajili ya kuwaonyesha Waafrika wa makoloni yao. Teknolojia ilikuwa bora zaidi, fedha zilikuwepo. Nyingi ya filamu hizo zimepotea, na zilizosalia zinahesabika kwa vidole, nazo ziko Uingereza. Nta ilipata mtu wa kuitunza, sinema haikupata. Vyote viwili, hata hivyo, viko mbali na watoto wa waliorekodiwa.

Kwetu Ufipa upungufu wa kumbukumbu za sauti na picha tunauona kwa macho. Baadhi ya malungu, yale matanuru marefu ya udongo walimoyeyushia chuma babu zetu, yangali yamesimama porini. Yaliandikwa na Wazungu tangu enzi za ukoloni, na mwanaakiolojia Bertram Mapunda ameyatolea kitabu kizima. Tunajua kutoka kwao kwamba ilungu lilivuta hewa lenyewe bila mivukuto, na kwamba chuma chake kilisafishwa tena katika tanuru dogo, hapo ndipo mivukuto ilipofanya kazi. Kisha majembe ya dukani yakaja, moto ukazimwa. Wahaya walibahatika: wazee wao walipojenga upya tanuru la kwao, kazi ile ilipigwa picha, ikatoka filamu ya The Tree of Iron mwaka 1988. Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, naye alichapa hadithi zetu za mdomo mwaka 1978, kwa Kiingereza. Namshukuru. Lakini karatasi haikohoi, wala haina yule msikilizaji anayedakia katikati kumsahihisha msimuliaji.

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, anzeni na orodha. Orodha haihitaji mashine ya kigeni wala mfadhili; inahitaji watu wawili, daftari na ngazi ya kufikia rafu za juu. Mwaka 2012 kundi la Tanzania Heritage Project lilichangisha fedha kwa umma ili kanda za RTD zihamishiwe kwenye kompyuta. Nia njema ya watu wa nje isiwe ndiyo sera. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 inaitambua kumbukumbu bila kujali imeandikwa juu ya nini, karatasi au kanda; ndiyo maana Idara nimeipa nakala.

Orodha ikishatoka, hamisheni kwanza zile zinazonata au kunuka, hata kama ni ngoma isiyojulikana na jirani yake ni muziki wa dansi wenye soko. Vipande vifupi vipigwe kwenye redio za hapa mkoani, mtangazaji aulize: huyu anayeimba ni nani? Simu zitalia. Majibu yaandikwe, jina la aliyejibu na kijiji chake, yaambatanishwe na faili. Nakala kamili iwekwe maktaba, mtu aingie asikilize bila kibali cha Dodoma. Na kama wimbo utauzwa au kutiwa kwenye tangazo la biashara, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ina sehemu nzima juu ya sanaa za jadi. Kijiji kiulizwe kwanza.

Tarehe 27 Oktoba kila mwaka ni Siku ya Urithi wa Sauti na Picha Duniani. Nisingependa hotuba siku hiyo. Ningependa orodha ya Rukwa ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya mkoa, hata kama ni ukurasa mmoja, hata kama mbele ya baadhi ya majina ya kanda mtakuwa mmeandika "haichezeki".

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Msikilizaji, Sumbawanga