Darubini ya Bunduki Ifungwe kwa Timazi

JICHO LA MARA
Na Marwa Nyamhanga

Tembo wakiingia mashambani wilayani Serengeti, lawama huenda kwa gari la askari lililochelewa, kisha kwa kifuta jasho kisichofika. Lawama hizo zina msingi. Lakini kuna kitu kidogo kuliko gari ambacho sijawahi kusikia kikiulizwa kwenye mkutano wa kijiji: darubini iliyofungwa juu ya bunduki ya mtu tunayemwita aje kutusaidia. Imefungwa vipi, na nani, na mara ya mwisho ilipimwa lini?

Tembo aliyekwisha kuingia kwenye mahindi hafukuzwi kwa darubini. Hufukuzwa kwa tochi, kelele, moshi wa pilipili, mabomu baridi na siku hizi droni. Ikibidi kabisa apigwe risasi, hupigwa kwa karibu na kwa bunduki nzito. Darubini ina kazi yake kwingine: daktari wa wanyamapori anapomlaza tembo ili avikwe kola ya kufuatilia mwenendo wake, au anapomlaza simba ili akatwe waya wa mtego uliomzama shingoni. Pia kwa mwindaji mwenye kibali anayempiga nyumbu au pofu katika uwanda wa wazi.

Watu wengi hudhani kosa la darubini huonekana kwenye mita 500 tu. Si kweli. Sindano ya usingizi huruka taratibu mno ukiilinganisha na risasi. Ikitoka mtutuni kwa mwendo wa mita 70 kwa sekunde, itatumia zaidi ya nusu sekunde kufika mita 40, na katika muda huo mvuto wa dunia utakuwa umeishusha takriban mita 1.6. Darubini ndiyo inayofidia mshuko huo, kwa kumfanya mpigaji ainue mtutu. Sasa bunduki ikilala upande kwa digrii 3 tu, ule mwinuko hauendi juu moja kwa moja, unakwenda juu na pembeni. Katika kila mita moja ya mshuko, sindano inahama sentimita 5 hivi kushoto au kulia. Kwa mita 40 hizo, ni sentimita 8. Sentimita 8 zinaweza kuitoa sindano kwenye mnofu wa paja na kuipeleka pasipo na mnofu, na hapo dawa huingia mwilini polepole. Mnyama anakimbia akiwa nusu macho, nusu usingizini, kuelekea mtoni au kwenye boma la mtu.

Digrii 3 hazionekani kwa jicho. Na sisi wa Mara tuna tatizo letu la ziada, nalo ni ardhi. Anayelenga akiwa kwenye mteremko, kama ilivyo milima ya Tarime, jicho lake huufuata mteremko. Huinamisha bunduki ili ilingane na ukingo wa mlima ulio mbele yake, akiamini ameiweka sawa. Wapigaji wazoefu wanalijua jambo hili, ndiyo maana hufunga kipima maji kidogo juu ya darubini na kukitupia jicho kabla ya kuvuta kifyatulio.

Fundi anayejenga nyumba Nyambureti hasimamishi ukuta kwa kukisia. Anashusha timazi, anaweka pima maji, ndipo anapanga tofali. Vifaa hivyo viwili ndivyo vinavyotakiwa kwenye ghala la silaha. Bunduki ikishathibitishwa kuwa haina risasi, hulazwa juu ya mifuko ya mchanga na kunyooshwa kwa pima maji. Darubini huwekwa ndani ya pete zake bila kukazwa, kisha husogezwa mbele au nyuma mpaka mpigaji aone duara zima bila kivuli, jicho likiwa sentimita 8 hadi 10 kutoka kwenye kioo. Umbali huo usipuuzwe. Bunduki nzito inaporudi nyuma humpasua nyusi aliyeisogelea mno, na mtu aliyepasuliwa mara moja ataogopa bunduki hiyo kila akiishika.

Baada ya hapo, timazi ya uzi mweupe hutundikwa ukutani au mtini, mita 25 mbele. Darubini inazungushwa polepole ndani ya pete hadi ule mstari wake wa wima ulale juu ya uzi, huku pima maji iliyo kwenye bunduki ikibaki katikati. Kisha skrubu zinakazwa kidogo kidogo kwa kupishana, kulia na kushoto, juu na chini. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho, darubini inajizungusha tena na kazi yote inaharibika. Watengenezaji wengi wa pete hutaja mkazo wa Nyutoni-mita 2 hivi, kwa hiyo inahitajika spana ya kupimia mkazo. Mkono wa mtu mwenye nguvu unaweza kuliminya bomba la darubini hadi vioo vya ndani vikwame.

Kwa bunduki ya risasi, kazi haijaisha mpaka ipimwe kwa kupiga. Chora mstari wa wima kwenye ubao mrefu kwa kutumia timazi, weka alama chini yake, kisha usimamishe ubao mita 100 mbele. Pima maji ya bunduki ikiwa katikati, lenga alama ya chini, piga. Katika darubini ambazo kila mlio wa kitufe cha kurekebishia ni sentimita 1 kwa mita 100, panda milio 60, lenga alama ileile ya chini, piga tena. Matundu yapande sentimita 60 yakiufuata mstari. Yakiwa yamehamia pembeni sentimita 3, bunduki hiyo ina zile digrii 3 nilizozisema, na irudishwe mezani. Ni asubuhi moja ya kazi na risasi chache.

Najua tutaambiwa bajeti ni finyu. Pima maji na uzi wa timazi hununuliwa duka lolote la vifaa vya ujenzi pale Mugumu. Ghali ni risasi za mazoezi, na hapo ndipo ubahili unapoumiza: askari asiyepewa risasi za kupimia silaha yake, kipimo chake cha kwanza kitakuwa mwili wa mnyama. Nyati aliyejeruhiwa hamtafuti aliyekosea kufunga darubini. Anamkuta mama anayekata kuni.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 imeweka masharti ya nani amiliki silaha. Jeshi la Uhifadhi lina watu wenye mafunzo. Kwa hiyo ombi langu kwa mamlaka za wanyamapori na hifadhi za taifa, yaani TAWA na TANAPA, na kwa Halmashauri ya Wilaya ya Serengeti ni hili: kila kituo chenye bunduki ya darubini kiwe na daftari la silaha hiyo, liandikwe tarehe ilipofungwa, tarehe ilipopimwa kwenye ubao na jina la aliyeipima. Na kila inapoanguka au kusafirishwa kwa gari kwenye barabara zetu za makorongo, ipimwe upya kabla haijatoka kwenda kijijini. Waheshimiwa madiwani, kikao kijacho ulizieni daftari hilo.