Siku ya Mwisho Si ya Madukani

Umri wangu umepita miaka sabini na nimekwisha staafu. Sina cheo cha kupoteza wala mkubwa wa kumwogopa. Kwa hiyo nitasema wazi jambo ambalo nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu sikuthubutu kulisema: ziara nyingi za wanafunzi nchi za nje huharibika siku ya mwisho, na waharibifu ni sisi walimu. Siku hiyo huwa tunaitoa sadaka kwa maduka.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka 1996 niliongoza wanachuo 32 wa somo la Kiswahili kutoka Tanga kwenda Mombasa, nchini Kenya, kwa siku nne. Tulivuka mpaka pale Horohoro, tukaingia Lunga Lunga, na jioni tukavuka kwa feri ya Likoni. Siku ya pili na ya tatu tulitembezwa. Tuliiona Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na Waarabu wa Omani wakaitwaa mwaka 1698. Wanachuo walijaza tarehe katika madaftari yao. Tarehe hizo, nakiri, zimo vitabuni na hazihitaji nauli.

Jambo lisilopatikana vitabuni lilipangwa siku ya nne. Mwalimu mwenyeji wetu alikuwa ametuombea nafasi kwa bibi mmoja wa Mji wa Kale, mwenye umri uliopita miaka themanini, azungumze nasi Kimvita tangu asubuhi hadi adhuhuri. Bibi alitoa sharti moja tu: tufungue kinywa kwake.

Kwa nini Kimvita? Kwa sababu Kiswahili sanifu tunachokifundisha hakikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1928 wajumbe wa serikali za kikoloni na wamisionari walikutana Mombasa hiyo hiyo, wakachagua Kiunguja kiwe msingi wa usanifishaji. Kimvita kilishindwa nyumbani kwake, ijapokuwa kamusi ya Krapf iliyochapishwa mwaka 1882 ilikiegemea sana. Lakini kushindwa si kukosea. Tusemapo macho, Mmvita husema mato. Nchi kwake ni nti, njia ni ndia, na akikwambia ndoo, anakuita uende. Mwalimu asiyeyajua hayo atashika kalamu nyekundu na kumhukumu mtoto kwa kosa ambalo hakulitenda.

Usiku wa siku ya tatu wajumbe wa wanachuo walinijia. "Mkuu, tumepewa orodha nyumbani. Tukirudi mikono mitupu tutaonekanaje?" Walimu wenzangu wakawaunga mkono. Nikakubali. Nilimwomba mwenyeji wetu atufikishie samahani, naye alinitazama tu, akasema, "Haya, Mwalimu." Wanachuo wawili waliniomba ruhusa waende kwa bibi peke yao. Niliwanyima. Niliwaambia kwamba kundi ni moja na halitagawanyika. Maneno hayo yalikuwa ya kiongozi mwoga, nami niliyatamka kwa sauti kubwa.

Asubuhi tulishinda mtaa wa Biashara tukichagua khanga. Mpakani maofisa wa forodha walifungua furushi moja moja, tukakaa juani saa tatu nzima. Baada ya wiki chache nilipokea barua ya mwenyeji wetu. Haikuwa na lawama. Alieleza tu kwamba samahani yetu ilifika bibi akiwa amekwisha pika mahamri na mbaazi za watu 35, na chakula kile kikagawiwa watoto wa chuoni, wale wanaosoma Kurani jirani na nyumba yake.

Najua nitakavyojibiwa. Watasema wanafunzi wetu ni maskini, na wengine hawatavuka mpaka tena maishani. Watasema zawadi ni heshima kwa mama aliyeuza kuku ili mwanawe apate nauli. Yote ni kweli, wala sipingi zawadi. Lakini duka hufunguliwa kila siku. Jioni ya siku ya pili ingetutosha kabisa kwa khanga. Bibi wa miaka themanini haniwekei asubuhi yake rafuni nije kuichukua nipendapo.

Watasema pia kwamba siku ya mwisho watu wamechoka na hawana akili ya kusoma. Mimi nasema kinyume chake. Siku ya kwanza mgeni hushangaa tu. Siku ya mwisho ndipo masikio yake yamezoea lafudhi na maswali yake yana maana. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tulikaa siku nne, na jembe lilipoletwa tukakimbilia dukani.

Ubaya mkubwa zaidi ni kwamba tunawafundisha vijana kuwa wenyeji ni kitu cha kutazamwa, kisha kuachwa. Mzazi akiupokea mzigo husema ziara ilifana. Mkuu wa chuo akisikia hivyo huandika ripoti nzuri. Mimi niliandika ripoti ya namna hiyo, na ilisifiwa.

Miaka mingi baadaye nilikutana na mmoja wa wale 32, sasa mwalimu mkuu. Tulicheka tukikumbuka safari, kisha akanyamaza. Akaniambia kuwa mwaka wake wa kwanza kazini alimchapa mtoto aliyehamia kutoka Mombasa. Katika insha mtoto aliandika "mato yangu", naye akasahihisha. Mtoto akaandika vile vile mara ya pili, ikaonekana ni jeuri. "Mkuu," akasema, "siku hizo sikujua."

Hakujua kwa sababu asubuhi ambayo angejua, mimi nilimpeleka kununua khanga. Fimbo ilikuwa mkononi mwake, lakini nami niliishika.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa shule na vyuo mnaopanga safari leo: ratiba ikija mezani, anzeni kuisoma kutoka chini. Mkikuta siku ya mwisho imeandikwa "manunuzi", ifuteni. Andikeni jina la mwenyeji anayewangoja, kisha mwende.