Mbunge wa jimbo akileta ripoti, tusikilize nini?

Nchini Marekani kila jimbo lina bunge lake. Kikao kikiisha, wabunge huwaeleza wapiga kura walichofanya.

Tuangalie Minnesota mwaka 2023. Katika Seneti, chama cha Democratic kilikuwa na viti 34 dhidi ya 33 vya Republican. Hata hivyo, Machi 17 Gavana Tim Walz alitia saini sheria ya kuwapa wanafunzi kifungua kinywa na chakula cha mchana bure shuleni, bila kujali kipato cha wazazi.

Kule mswada hupita Baraza la Wawakilishi na Seneti, kisha huenda kwa gavana. Wengi wao huishia njiani.

Basi msikilizaji, mwakilishi wako akisema "nimewasilisha mswada", tunashauri umuulize mawili: umefika hatua gani, na fedha zimetengwa?