Kozi za Lazima Vyuoni: Kiswahili Kiingie kwa Mlango Upi?

Wanafunzi wa kwanza wa mfumo wa 2-6-3-3-3, walioingia shule ya upili ya juu Januari 2026, wanatarajiwa kubisha hodi vyuoni mwaka 2029. Vyuo vikuu vya Kenya havina budi kuipitia upya mitaala yao, zikiwemo kozi za pamoja ambazo husomwa na wote, awe mwanafunzi wa uhandisi au wa sheria: stadi za mawasiliano, falsafa, masuala ya UKIMWI na kadhalika. Miongoni mwetu wapenzi wa Kiswahili, pendekezo moja limekwisha kuzoeleka: Kiswahili nacho kiwe kozi ya lazima. Naliunga mkono, ila nachelea sura ambayo huenda likapewa.

Kuliunga mkono hakuhitaji wino mwingi. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, kozi ya stadi za mawasiliano hufundishwa kwa Kiingereza na humwandaa mwanafunzi kuwasiliana kwa Kiingereza, kana kwamba atakaowahudumia kesho ni wahadhiri wake.

Sura ninayoichelea ni ile ya utangulizi wa isimu na fasihi kwa kila mtu. Mwanafunzi wa 8-4-4 alikisoma Kiswahili kwa lazima kwa miaka 12. Kumrudishia ngeli na tamathali za usemi katika mwaka wa 13, ndani ya ukumbi uliofurika, ni kumpa sababu ya kukikimbia. (Sisi wa idara tutapata vipindi vya kufundisha, naam, lakini kozi haibuniwi ili kuwapatia walimu kazi.)

Mimi ni mzaliwa wa Werugha, katika milima ya Taita. Nyumbani tunazungumza Kidawida. Sokoni Wundanyi, hospitalini na ofisini ni Kiswahili. Mkulima wa mboga humuuliza bwana shamba asubiri siku ngapi baada ya kunyunyiza dawa ndipo avune. Jibu hilo linahusu afya ya mlaji aliyeko Voi au Mombasa, na bwana shamba aliyesomea shahada nzima kwa Kiingereza hulazimika kulitafsiri papo hapo, akiwa amesimama kwenye matuta. Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopata hati yake mwaka 2016, hufundisha uhandisi wa madini katika kaunti ambayo wachimbaji wadogo huteremka mashimoni kutafuta vito. Mhandisi wake atamwelezaje mchimbaji dalili za mwamba unaokaribia kuporomoka? Ngeli anazijua. Asichokuwa nacho ni msamiati wa kazi yake na mazoea ya kuutumia.

Dar es Salaam inatupa funzo. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, chuo kilijadili kila msomi apaswa kujua nini kuhusu jamii yake. Taasisi ya Taaluma za Maendeleo ikaanzishwa mwaka 1973, na somo la maendeleo likawa la lazima kwa wanafunzi wa fani zote. Lilikuwa wazo zuri. Lakini lugha ya kufundishia chuoni ilibaki Kiingereza, na maendeleo ya mwanakijiji yakajadiliwa kwa lugha ambayo mwanakijiji mwenyewe hakuisikia.

Napendekeza basi kozi ya Kiswahili cha taaluma, itungwe na idara ya Kiswahili pamoja na kitivo husika: wa udaktari ajifunze kumweleza mgonjwa upasuaji kabla hajatia sahihi, wa sheria amfafanulie mshtakiwa masharti ya dhamana. Itafundishwa mwaka wa tatu, mwanafunzi akiwa tayari ana jambo la kueleza, wala si mwaka wa kwanza. Itahitaji vikundi vidogo, na hilo ni gharama, seneti zisifichwe. Mtihani wake uwe wa mdomo, mbele ya msikilizaji asiye wa fani hiyo, naye aruhusiwe kuuliza maswali.