Msamaha wa Kodi Ufike Ilongero

Ndugu wanachama, wakati wa Mwingereza kodi ya kichwa iliwatoa vijana wa Singida majumbani mwao, wakaenda kukata mkonge ili wapate shilingi za kumlipa Bwana Shauri. Kodi ya namna hiyo ilifutwa mwaka 2003. Lakini vijana wa Ilongero wanaondoka hata leo, maana kazi za ufundi hapa ni haba, na wa kuwafundisha ni haba zaidi.

Sasa tazameni mambo. Sheria ya mwaka 2002 iliwapa wenye viwanda vya kuuza bidhaa nje miaka 10 bila kodi ya mapato. Miaka 10! Mkulima wa alizeti hakupewa hata siku 10. Gunia likiuzwa, ushuru wa mazao unadaiwa. Sheria yasema mlipaji ni mnunuzi, lakini nani hajui kwamba mnunuzi huukata kwenye bei? Na eneo kubwa la viwanda lenye jina la Mkapa lilijengwa wapi? Ubungo, Dar es Salaam, ambako bandari, barabara na mafundi vilikuwapo tayari. Huko ni kumpelekea maji mtu aliyeketi kisimani.

Hatupingi msamaha. Tunapinga msamaha wa bure. Anayetaka asamehewe kodi aje akamue alizeti hapa hapa Ilongero, achukue vijana wa hapa, awafundishe kuendesha mitambo na kuitengeneza inapoharibika, nao wapimwe na VETA wapate vyeti. Asiyefundisha anyang'anywe msamaha na alipe kodi yote ya nyuma. Alizeti ikikamuliwa mbali, mafuta, mashudu na mishahara hubaki huko huko.

Wapo mabwana watakaosema tajiri atakimbia. Akimbilie wapi? Alizeti haioti Ubungo. Watasema umeme. Njia kuu ya kilovolti 400 kutoka Iringa hadi Shinyanga yapita mkoani Singida; kama yaweza kuvuka mkoa mzima, yashindwaje kutuletea waya wa kiwanda kimoja?

Fedha za mafunzo zipo. Waajiri hulipa tozo ya ufundi stadi, ambayo mwaka 2023 iliwekwa kuwa asilimia 3.5 ya mishahara. Tunataka fungu letu. Halmashauri sasa ipo Ilongero, si mbali tena. Twendeni tukawasikilize madiwani wetu wakijadili jambo hili, tuandike nani aliunga mkono na nani alinyamaza.