Saruji Haimtibu Askari Mzee



Kila tunapoitwa kufanya salongo kwenye makao ya askari wazee, tunakwenda na majembe na mapanga kwa moyo mkunjufu. Tunafyeka vichaka, tunaangusha mti unaodondosha majani, na fedha zikipatikana tunamwaga saruji toka ukuta hadi ukuta. Kisha tunarudi tukisema: tumewasaidia wazee. La hasha! Tumewanyang'anya dawa.

Wako watakaonijibu: wazee hawa wanakosa chakula na matibabu, bustani ya nini? Chakula kwanza, nakubali. Lakini asemaye kwamba mti ni pambo la matajiri hajui jinsi mwili unavyopona. Mwaka 1984 mtafiti wa Marekani, Roger Ulrich, alilinganisha wagonjwa 46 waliopasuliwa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu yao waliona miti dirishani, nusu waliona ukuta wa matofali. Walioona miti walirudi kwao mapema zaidi, tena walihitaji dawa chache za kutuliza maumivu makali. Ikiwa mti wa dirishani unafanya hayo, je, ule ambao mzee anakaa chini yake?

Wala haitoshi kupanda maua ovyo. Mtu aliyewahi kuviziwa vitani hatulii mahali asipojua nani anamjia kwa nyuma. Benchi lake na liegemee ukuta, naye aweze kuliona lango. Vichaka virefu visisonge njia. Njia yenyewe iwe imara, isiyoteleza, pana ya kutosha kiti cha magurudumu. Hapo saruji ina kazi yake. Izunguke na kumrudisha mzee alikotoka, asije akapotea. Mabenchi yawe kivulini, karibu karibu, yenye mikono ya kumsaidia kuinuka. Matuta ya lenga-lenga yainuliwe hadi kiunoni, ili mwenye goti bovu apalilie bila kuinama. Anayejua kwamba miche inamngoja kumwagiliwa ana sababu ya kuamka asubuhi.

Hayo yote hayahitaji utajiri. Yanahitaji mawe, udongo, mbao na mikono yetu.

Kule Bukavu kuna kambi ya kijeshi iitwayo Saïo, ukumbusho wa ushindi ambao askari wa Force Publique waliupata nchini Ethiopia mwaka 1941. Majina ya vita tunayatunza vizuri. Magoti ya waliopigana tunayasahau, tukiwaacha wazee juani, juu ya sakafu inayochoma.

Basi, kabla ya salongo ijayo, tuwaulize wenyewe: Baba, unapenda kukaa wapi? Jua linakuchoma saa ngapi? Ni mti gani tusiuguse? Panga na lingoje jibu lao.